Kuandika Historia ya Nyumba ya Wageni ya Mashoga katika Mji wa Pwani: Mwongozo kwa Mwandishi wa Kisumu

Mwongozo huu unamlenga mwandishi aliyeko Kisumu, Nakuru, Kakamega au kwingineko magharibi mwa Kenya, ambaye amepata sababu ya kuandika habari za nyumba ya wageni iliyofunguliwa kwa ajili ya mashoga au wasagaji katika mji wa bahari. Pengine ana ndugu aliyewahi kufanya kazi katika nyumba kama hiyo ng'ambo, pengine ni mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Maseno, au pengine mwenye nyumba mwenyewe amemwomba aiandike kabla kumbukumbu hazijapotea. Mifano mingi nitaitoa Provincetown, mji mdogo ulio kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na mingine kutoka pwani ya kusini mwa Uingereza, kwa kuwa huko kuna makaratasi ambayo mtu anaweza kuyafikia kwa intaneti akiwa mezani kwake Milimani au Kondele. Baadaye nitaeleza yanayobadilika nyumba inayoandikiwa ikiwa iko huku kwetu kando ya ziwa.

Nashikilia mambo mawili katika kazi hii. La kwanza ni kwamba makaratasi ya kawaida ya biashara, yaani hati, leseni, matangazo na risiti, hueleza mengi zaidi ya uvumi. La pili ni kwamba jina la mtu aliye hai haliandikwi mpaka mwenyewe aridhie.

Amua unaandika historia ya kitu gani

Nyumba ya wageni ina historia tatu chini ya paa moja: historia ya jengo, historia ya biashara na historia ya sifa yake miongoni mwa watu, na ni nadra sana tatu hizo kuanza mwaka mmoja. Huko Provincetown kuna jengo maarufu liitwalo Atlantic House ambalo asili yake inahesabiwa kuwa 1798. Lilipita mikononi mwa wenyewe wengi, na sifa yake ya kuwa mahali pa mashoga ni ya karne ya 20. Anayeandika kwamba mashoga wamekuwa wakilala hapo tangu 1798 amechanganya umri wa mbao na umri wa wateja. Kwa hiyo, kabla hujaandika sentensi ya kwanza, chora safu tatu kwenye daftari, na kila tarehe utakayoipata uiweke katika safu yake. Tarehe isiyojulikana ni ya safu ipi isubiri pembeni.

Ukishafanya hivyo, jiulize kwa nini nyumba hiyo ilikuwa katika mji huo na si mji mwingine. Hapa ndipo waandishi wengi hupita haraka, na mimi naona ndipo penye utajiri. Provincetown uliishi kwa uvuvi wa samaki na nyangumi, na sehemu kubwa ya wavuvi wake walikuwa Wareno, wengi wao wakitoka visiwa vya Azores. Mnamo Novemba 1898 dhoruba kali iliyokuja kuitwa Portland Gale iliharibu magati mengi ya mji, wakati uvuvi wenyewe ulikuwa umekwisha kupungua. Mwaka uliofuata, 1899, mchoraji Charles Hawthorne alifungua hapo shule ya uchoraji. Kufikia 1916 kikundi cha waigizaji kilikuwa kikionyesha tamthilia za Eugene O'Neill kwenye gati la zamani. Wachoraji, waandishi na waigizaji walihitaji mahali pa kulala wakati wa kiangazi, na familia za wavuvi zilikuwa na vyumba na zilihitaji fedha. Miongoni mwa wageni hao wa sanaa walikuwamo wanaume waliowapenda wanaume na wanawake waliowapenda wanawake, nao wakapata chumba kwa sababu walilipa, hawakuleta fujo na walirudi mwaka uliofuata. Usalama wa mgeni ulitokana na hesabu ya kodi muda mrefu kabla haujatokana na siasa.

Mtu aliyekulia Dunga au Usenge hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Anajua jinsi mji unaotegemea samaki unavyofikiri samaki wanapopungua, na jinsi chumba cha ziada, kilichokuwa cha nyavu na magunia, kinavyogeuka kuwa riziki. Anajua pia kwamba mji wa bandari huzoea nyuso ngeni. Kisumu yenyewe ilianza kuwa mji wa wapita njia reli ilipofika ziwani mnamo Desemba 1901, kituo kikiitwa Port Florence, na tangu hapo vyumba vya kukodisha havijakosa mteja. Tumia ujuzi huo unapoisoma pwani ya mbali. Mwandishi wa kando ya ziwa anaweza kuuliza maswali ambayo mwandishi wa mji mkubwa asingeyafikiria: samaki walipungua lini, nani ndani ya nyumba alibaki bila kipato, na nani alikuwa wa kwanza kutandika kitanda cha kukodisha.

Fuata makaratasi kutoka leo kurudi nyuma

Anza na mwenye nyumba wa sasa, kisha urudi nyuma hati kwa hati. Katika Massachusetts hati za ardhi hutunzwa na kila kaunti, na za Provincetown ziko katika masjala ya kaunti ya Barnstable, ambako unaweza kutafuta kwa intaneti. Kila hati ya mauzo kwa kawaida hutaja nambari ya kitabu na ukurasa wa hati iliyoitangulia, hivyo mtu mwenye subira anaweza kuivuta minyororo ya wamiliki kwa miaka mingi. Ukikosa kumbukumbu za mwanzoni mwa karne ya 19 usidhani umepotea: moto uliteketeza vitabu vingi vya masjala hiyo mwaka 1827.

Hati husema mambo ambayo watu hawakuyasema kwa midomo. Wanaume wawili wasio ndugu, au wanawake wawili, wanaponunua nyumba kwa pamoja kwa masharti kwamba mmoja akifa mwenzake anachukua yote, wamefanya kwa sheria ya mali kile ambacho sheria ya ndoa iliwanyima. Hata hivyo hati kama hiyo ni dalili tu. Wabia wa biashara pia huandika hivyo, na wajibu wako ni kusema kwamba walinunua pamoja, kisha kutafuta ushahidi mwingine wa walivyoishi. Angalia vilevile rehani. Nchini Marekani, sheria ya mikopo ya 1974 ilipiga marufuku kumbagua mkopaji kwa sababu ya jinsia yake au hali yake ya ndoa. Kabla ya hapo mwanamke asiye na mume angeweza kufukuzwa benki bila maelezo. Unapoandika juu ya nyumba ya wageni iliyomilikiwa na wanawake kwa ajili ya wanawake, na Provincetown ina historia kubwa ya nyumba za namna hiyo, linganisha mwaka wa ununuzi na mwaka huo wa 1974, uulize fedha za kwanza zilitoka wapi: benki, urithi, au mwenye nyumba wa awali aliyekubali kulipwa kidogo kidogo.

Uingereza ina mapengo yake. Sensa huorodhesha waliolala katika kila nyumba, kwa hiyo nyumba ya kupangisha vyumba huonekana humo waziwazi, lakini majina hufungwa kwa miaka 100. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ile ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Mtu anayeandika juu ya nyumba ya miaka ya 1930 huko Brighton au Blackpool atalazimika kutegemea rejista ya wakazi iliyofanywa Septemba 1939, pamoja na vitabu vya kila mwaka vilivyoorodhesha wakazi na biashara za kila mtaa. Marekani hufunga majina ya sensa kwa miaka 72, na ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Kumbuka desturi hii ya kufunga kumbukumbu, kwa maana tutaihitaji tukifika nyumbani.

Baada ya hati na sensa, tafuta yale makaratasi madogo ambayo wenye nyumba huyatupa wakihama: orodha ya bei, broshua, risiti za dobi, barua za kuomba chumba, leseni ya kuuza vileo, picha ya kibao cha mlangoni. Gazeti la mji, ambalo Provincetown lilikuwa Provincetown Advocate, huonyesha tangazo la kwanza la nyumba, mabadiliko ya jina lake na mara nyingine malalamiko ya majirani. Kitabu cha wageni ni hazina, ila kisomwe kwa tahadhari mbili. Wageni wengi waliandika jina la kwanza tu au jina lisilo lao, kwa hiyo hakifai kuhesabia watu. Tena aliyeandika jina lake humo alimwandikia mwenye nyumba, hakukuandikia wewe. Nukuu maneno, acha majina.

Kusoma tangazo lililoficha na kitabu cha anwani

Kwa muda mrefu nyumba hizi hazikuweza kujitangaza kwa jina lake. Katika miaka ya 1960 Bob Damron, mwenye baa huko San Francisco, alianza kuchapisha kijitabu cha mfukoni chenye anwani za baa, hoteli na nyumba za wageni ambamo shoga angepokelewa, na pembeni mwa kila anwani palikuwa na herufi fupi zilizoeleza aina ya wateja. Wazo hilo lilikuwa na kaka yake mkubwa: tangu 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, alikuwa akichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri Weusi kwenye hoteli na nyumba zisizowafukuza. Uingereza, gazeti la Gay News lilianza 1972, na kurasa zake za matangazo ni mahali pazuri pa kutafuta nyumba za wageni za miji ya pwani.

Vyanzo hivi vina udhaifu ambao lazima uuandike waziwazi. Anwani kuwamo katika kijitabu haina maana kwamba mwenye nyumba alikuwa shoga, wala kwamba aliomba kuorodheshwa. Anwani iliyokufa iliweza kuendelea kuchapishwa miaka kadhaa baada ya nyumba kufungwa, kwa sababu mchapishaji hakuwa na njia ya kukagua kila mji. Kwa hiyo kila unapopata anwani katika kijitabu, itafute pia katika kitabu cha simu au orodha ya leseni ya mwaka huohuo, na vyanzo viwili vikikubaliana ndipo uandike kwamba nyumba ilikuwa wazi. Uchunguze pia mwaka ambao nyumba ilitangaza kwa mara ya kwanza bila kujificha, kwani ule ni uamuzi wa mtu fulani aliyepima hatari na faida, na unastahili aya yake. Provincetown, kwa mfano, wafanyabiashara walianzisha chama chao cha kuutangaza mji kwa mashoga mwaka 1978, na mwaka 1984 wenye nyumba za wageni wanawake wakaanza juma la wanawake linalofanyika Oktoba. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa akili: majira ya joto yalikuwa yamepita, vitanda vilikuwa vitupu, na biashara ya kiangazi peke yake haikutosha kulipa rehani ya mwaka mzima.

Sheria ndiyo fremu

Kila sura ya historia hii iulizwe: katika mwaka huu, ni nini kilikuwa kosa la jinai, na ni nani aliruhusiwa kumfukuza nani? Uingereza na Wales, sheria ya 1967 iliondoa uhalifu katika mapenzi ya wanaume wawili waliotimiza miaka 21, faraghani, na ikasema kwamba faragha haipo palipo na mtu wa tatu. Uskoti ilisubiri hadi 1980 na Ireland Kaskazini hadi 1982. Sentensi moja ya sheria kama hiyo ilibadilisha namna mwenye nyumba alivyopanga sebule, funguo na vyumba vyake. Massachusetts ilipitisha mwaka 1989 sheria ya kuzuia ubaguzi katika ajira, makazi na huduma kwa umma, ikiwa jimbo la pili baada ya Wisconsin ya 1982. Na tarehe 17 Mei 2004 ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuandikisha ndoa za watu wa jinsia moja. Nyumba iliyofunguliwa 1975 ilikuwa kimbilio kwa sababu hoteli ya jirani ilikuwa na uwezo wa kumkatalia mtu chumba. Nyumba hiyohiyo mwaka 2005 ilikuwa ikiuza kitu kingine: ujirani, mazoea, pengine sherehe za arusi.

Hukumu za mahakama nazo ni chanzo ambacho mwandishi wa mbali anaweza kukisoma bila malipo. Kesi ya Bull dhidi ya Hall ilihusu hoteli ndogo huko Marazion, pwani ya Cornwall, ambayo mnamo Septemba 2008 iliwanyima chumba cha kitanda kimoja kikubwa wanaume wawili waliokuwa wamefunga ubia wa kiraia, yaani muungano wa kisheria unaofanana na ndoa, kwa hoja kwamba vyumba hivyo vilikuwa vya mume na mke. Mahakama ya Bristol iliwapa ushindi Januari 2011, na Mahakama ya Juu ikakataa rufaa ya wenye hoteli tarehe 27 Novemba 2013. Anayeisoma hukumu hiyo hupata jinsi chumba kilivyoagizwa kwa simu, maneno ya kanuni ya hoteli na imani ya wenyewe kwa maneno yao. Aisome hata yule anayeandika juu ya nyumba iliyowapokea mashoga, kwani kukataliwa hoteli moja ndiko kulikojaza vitanda vya nyingine.

Sheria pia husaidia kueleza kwa nini nyumba nyingi zilifungwa. Hoteli zote zinapolazimika kumpokea mtu, nyumba maalumu hupoteza sehemu ya sababu yake. Ongeza bei ya ardhi ya pwani, majengo kugawanywa na kuuzwa chumba kimoja kimoja, na wasafiri kuagiza vyumba kwa intaneti. Eleza sababu hizi kwa uzito ulio sawa na ule uliotumia kueleza kufunguliwa kwa nyumba.

Miaka ya ukimwi

Ripoti ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa ukimwi ilitolewa Marekani tarehe 5 Juni 1981, na dawa zilizochanganywa zilizogeuza hali zilianza kutumika kwa wingi mwaka 1996. Kati ya miaka hiyo miwili nyumba za wageni zilipoteza wenyewe, wapishi na wateja waliokuwa wakirudi kila mwaka. Provincetown ulianzisha kikundi cha kuwasaidia wagonjwa mapema, mwaka 1983.

Mwandishi kutoka Nyanza ana jambo la kuchangia hapa, kwa sababu anatoka mahali palipoumizwa na ugonjwa huo kuliko sehemu nyingine za Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza alitambuliwa 1984. Anajua jinsi familia inavyonyamaza, jinsi tanzia inavyosema "baada ya kuugua kwa muda mrefu" na kuishia hapo, na jinsi mali inavyogombaniwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Tafuta mambo hayohayo katika magazeti ya Cape Cod. Tazama hati ya nyumba ilibadilika lini na kwa nani: kwa mwenzi, kwa mfanyakazi, au kwa ndugu wa damu ambaye hakuwahi kufika. Hilo la mwisho linauma kulisoma, na ni lazima liandikwe pale ambapo hati inalionyesha. Usitaje ugonjwa wa marehemu kwa kukisia. Uandike pale tu ulipotajwa hadharani au pale aliyeachiwa msiba alipokuruhusu.

Mahojiano

Makaratasi yakikwisha kukupa tarehe, ndipo uzungumze na watu, maana tarehe humsaidia mzee kukumbuka na hukusaidia wewe kutambua anapochanganya miaka. Kwa simu, kumbuka kwamba Provincetown iko nyuma ya Kisumu kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi: saa mbili usiku kwako ni saa saba au saa sita mchana kwao, wakati ambao nyumba ya wageni imemaliza kusafisha vyumba na haijaanza kupokea wapya. Uliza kwanza wanapenda kuitwaje na utumie jina hilo hadi mwisho.

Ridhaa iombwe mara mbili. Mara ya kwanza unaomba ruhusa ya kurekodi. Mara ya pili, baada ya kumtumia mtu maneno yake yakiwa yameandikwa, unaomba ruhusa ya kuyatumia na unauliza kama jina liwemo. Mtu ana haki ya kubadili nia kati ya siku hizo mbili, na usimbembeleze. Swali zuri huanza na vitu: chumba kilikuwa bei gani, nani alipika kifungua kinywa, mlango wa mbele ulifungwa saa ngapi, nani alikuwa na ufunguo, polisi walipopita nani alitoka kuzungumza nao. Vitu huvuta watu na matukio bila kumlazimisha mtu kujianika. Maswali ya nani alilala na nani hayana nafasi katika kazi hii.

Wasikilize wafanyakazi. Historia nyingi za nyumba za wageni huandikwa na wenyewe au wageni, wakati aliyezijua kweli ni aliyebadilisha shuka. Provincetown, kwa miaka mingi, umepokea wafanyakazi wa msimu kutoka Jamaika na Ulaya ya mashariki, na wengine wao walitoka katika nchi ambazo sheria zake zinafanana na zetu. Waulize walichofikiri siku ya kwanza, na walichofikiri baada ya msimu wa tatu. Waulize pia majirani Wareno, ambao bibi zao ndio waliokodisha vyumba vya mwanzo. Sauti ya mtu aliyepinga nyumba hiyo nayo iwemo, kwa maneno yake na kwa staha.

Brighton unatoa mfano wa kufuata. Mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya bunge la Uingereza kupitisha kifungu kilichozizuia serikali za mitaa "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, watu wa mji huo walianzisha kikundi cha Brighton Ourstory kukusanya simulizi za mashoga na wasagaji wa huko. Kikundi kilifungwa 2013, lakini kumbukumbu zake hazikupotea, kwa sababu zilikabidhiwa kwenye makavazi ya East Sussex.

Nyumba ikiwa kwetu

Kama nyumba unayotaka kuiandikia iko Kisumu, Nakuru au mji wowote wa kanda hii, utaratibu wa kukusanya ni uleule. Utafutaji wa hatimiliki hufanywa kwenye afisi ya ardhi kwa nambari ya ploti. Leseni za biashara ziko kwa kaunti, na za zamani zilikuwa za manispaa. Makavazi ya Kitaifa yako Moi Avenue, Nairobi, na yana vituo vya kumbukumbu Kisumu, Nakuru na Kakamega. Yanayobadilika ni mambo ya kuchapisha.

Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vilivyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni na vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, vinaweka kifungo cha hadi miaka 14 na miaka mitano. Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Mahakama ya Juu, tarehe 24 Februari 2023, iliamua kwamba kuwanyima mashoga na wasagaji haki ya kusajili shirika kulikiuka uhuru wa kujumuika, lakini vifungu hivyo vilibaki. Wakati huohuo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja mwelekeo wa kimapenzi wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti za kibinafsi. Kwa hiyo, ukiwa na rekodi za sauti za watu hao kwenye simu yako, unabeba mzigo wa kisheria pamoja na ule wa utu.

Usitaje nyumba, mtaa wala mwenyewe. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi katika mji ambamo watu wanajuana: mwalimu wa kwaya mwenye pikipiki nyekundu anayetoka kijiji fulani atatambuliwa hata ukimwita jina jingine, kwa hiyo badilisha au ondoa kazi, kanisa, kijiji na chombo cha usafiri pia, na umweleze msomaji kwamba umefanya hivyo. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ifute taarifa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote. Rekodi zisipite kwenye makundi ya WhatsApp. Umfikirie pia mama mwenye lojing'i, ambaye pengine aliwajua wageni wake vizuri na akachagua kunyamaza miaka yote ili wapate kulala kwa amani. Ukimya wake ni sehemu ya historia, na leseni yake inaweza kupotea kwa aya yako moja. Heri umwonyeshe rasimu kuliko kumsifu bila idhini yake.

Mara nyingine uamuzi sahihi ni kuandika sasa na kuchapisha baadaye sana. Serikali za Uingereza na Marekani hufunga majina ya raia kwa miaka 100 na 72. Mwandishi binafsi naye anaweza kuweka kazi yake mahali salama kwa sharti la kufunguliwa mwaka fulani, au baada ya waliohojiwa wote kufariki. Hapa barani kuna makavazi ya GALA yaliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1997, yenye uzoefu wa kutunza kumbukumbu za mashoga na wasagaji wa Afrika. Waandikie mapema, kabla hujaanza kurekodi, uwaulize masharti yao ya ufungaji, ili umweleze kila utakayemhoji sauti yake itakaa wapi na nani ataisikia.

Kuandika na kukabidhi

Panga habari kwa wakati, isipokuwa kama una sababu nzito ya kufanya vingine, kwa kuwa katika nyumba ya wageni chanzo na matokeo hufuatana kwa misimu. Madai ya "ya kwanza" na "ya kale kuliko zote" yaandikwe tu ukiwa na hati mbili. Pale ambapo kumbukumbu mbili zinapingana, ziweke zote mbili na useme ni ipi hati inaiunga mkono. Usiigeuze nyumba kuwa hekalu: ilikuwa na deni, mabomba yaliyoziba na wageni walioondoka bila kulipa, na msomaji akiyaona hayo ataamini na yale mengine. Usiandike pia kwa sauti ya kashfa, hata kidogo, kwani watu hawa walikuwa wakitafuta kitanda, chai na mlango unaofungika.

Rasimu ikikamilika, mpe kila aliyehojiwa sehemu inayomhusu na muda wa kutosha kuisoma. Nakala moja iende kwa mwenye nyumba, nyingine kwenye maktaba ya mji husika, na nyingine kwenye makavazi mliyokubaliana, kila moja ikiwa na karatasi inayoonyesha ni nani aliruhusu nini na ni lini ruhusa hiyo inaweza kupitiwa tena. Karatasi za ridhaa zenye majina halisi zitunzwe mbali na rekodi za sauti, katika bahasha au faili tofauti, na ufunguo wa majina, yaani orodha inayoonyesha kila jina la bandia ni la nani, uwe kwa mtu mmoja ambaye wahojiwa wenyewe wamemkubali.